Tuuache Mfano wa Bomba Tunapofundisha Mtandao

Katika maandalio ya somo la kompyuta ambayo wanachuo huyatayarisha kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, mfano mmoja hutokea karibu kila mara: mtandao ni bomba, na data ni maji yapitayo ndani yake. Bomba likiwa pana, maji ni mengi. Likiwa jembamba, maji ni haba. Na pale mlangoni pa chuo ipo koki, ambayo ndiyo ile mashine iitwayo ukuta wa moto, au faiawali kama mafundi wanavyoitamka. Mfano huu hupendwa kwa kuwa ni mwepesi, na mtoto wa darasa la tano huushika kwa dakika mbili. Nia ya makala haya ni kudai kwamba mfano huu haufai. Hakuna mfano ulio kamili, na hilo peke yake lisingekuwa kosa. Lakini mfano wa bomba humfundisha mtoto jambo lililo kinyume kabisa cha ukweli, na matokeo yake twayaona baadaye katika vyuo na shule, ambako watu wazima waliofundishwa hivyo hutoa fedha nyingi na kutunga amri kali bila ya kupata nafuu yo yote.

Hebu tufikiri mtu aliyeamini bomba hutenda nini. Chuo kina laini moja, tuseme ya megabiti 10 kwa sekunde, nayo hutumiwa na wakufunzi, ofisi, maktaba na wanachuo. Ifikapo saa mbili usiku kila mmoja hulalamika. Mwanachuo anayejaza maombi ya mkopo huona ukurasa umeganda, na siku ya mwisho ni kesho. Mwingine yumo katika mazungumzo na msimamizi wake wa utafiti, na sauti inakatika kila neno la tatu. Mwenye kuamini bomba huwa na dawa mbili tu. Ya kwanza ni kununua bomba pana zaidi. Ya pili ni kufunga koki: kupiga marufuku filamu, kupiga marufuku simu za wanachuo, na mwishowe kuwalaumu vijana kwamba hawana adabu. Dawa ya kwanza huponya kwa majuma machache, kisha laini mpya nayo hujaa. Ya pili huleta uhasama, na haiponyi kabisa.

Ukweli ni huu. Data haimiminiki. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1500 kila kimoja, na kila pakiti huandikwa namba na anwani kama barua. Kompyuta inayopokea hurudisha stakabadhi: namba fulani imefika. Yule mtumaji aliye mbali, huenda Nairobi, huenda Frankfurt, hutazama stakabadhi hizo na kwa hizo huamua mwendo wake. Zikirudi vizuri, huongeza kasi. Akiona pengo, yaani namba moja haikupata stakabadhi, hudhani kwamba njiani kuna msongamano, naye hupunguza kasi yake kwa nusu au karibu na hapo, kisha huanza tena kupanda polepole. Huu ndio utaratibu wa itifaki ya TCP. Hivyo kasi ya data iingiayo chuoni huamuliwa na mtumaji aliye ng'ambo, kwa kufuata habari anazozipata kutoka kwetu. Maji hayana tabia hii. Maji hayajui kama ndoo imejaa.

Kwa hiyo ile faiawali iliyo mlangoni si koki hata kidogo. Data itokayo yaweza kuizuia, kwa kuwa foleni ya data itokayo iko ndani ya nyumba yetu wenyewe. Bali data iingiayo, hata ifikapo mlangoni, imekwisha kupita pale mahali pembamba, yaani katika laini tunayoilipia. Kuikataa hapo ni sawa na kuikataa barua ambayo tarishi amekwisha kuibeba njia nzima; mzigo wake umekwisha kumchosha. Isitoshe, sehemu kubwa ya data iingiayo haikuja kwa kujialika. Ni majibu ya maswali yaliyotoka kwetu: mtu ameomba ukurasa, nao unaletwa. Ile kanuni ya kawaida ya faiawali ya kuwakataa wageni wasioalikwa ni kanuni njema ya usalama, lakini kwa habari ya msongamano haipunguzi kitu cha maana.

Je, mlango hauna kazi? Unayo, nayo ni ya kupendeza kuliko ya koki. Mlango waweza kumpelekea mtumaji habari. Ukiiacha pakiti moja makusudi, umemwambia, Punguza. Tangu mwaka 2001 upo pia utaratibu uliokubaliwa rasmi wa kuitia pakiti alama badala ya kuitupa, ili mpokeaji airudishe alama hiyo pamoja na stakabadhi. Nao hufaa pale ambapo pande zote mbili zinaufahamu.

Kisa kimoja cha kweli chatosha kuonyesha uzito wa jambo hili, nami ningependa kila mkufunzi akisimulie. Mwezi Oktoba 1986, huko California, Marekani, laini ya mtandao kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mahali pawili palipotengana kwa yadi 400 hivi, iliporomoka ghafla kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Waya haukukatika, wala upana wake haukupungua. Kompyuta zilipokosa stakabadhi kwa wakati, zilizituma tena pakiti zile zile juu ya zile zilizokuwa bado njiani, na kadiri zilivyotuma ndivyo njia ilivyozidi kujaa marudio. Van Jacobson, mtafiti wa maabara ile, akishirikiana na Michael Karels, alitafuta sababu, na mwaka 1988 akachapisha dawa. Dawa haikuwa waya mnene zaidi. Ilikuwa ni kuwafundisha watumaji adabu: anza kwa uchache, ongeza kwa kadiri ya stakabadhi, na pakiti ikipotea punguza mara moja. Mwalimu wa bomba akiulizwa na mtoto, Ilikuwaje bomba lisilopasuka wala kuziba litoe tone moja mahali pa ndoo nzima, hana la kujibu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hushangazwa nalo, nalo ndilo kiini cha kazi ya mlangoni. Katika mashine za kampuni inayotuuzia mtandao, upande wa pili wa laini yetu, kuna mahali pa kungojea paitwapo bafa. Pakiti zikija kwa kasi kuliko uwezo wa laini, hupanga foleni hapo. Bafa hii mara nyingi huwa kubwa kupita kiasi, kwa kuwa watengenezaji waliona ni fahari kutopoteza pakiti hata moja. Tufanye hesabu. Bafa ya megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kuimaliza foleni hiyo huchukua sekunde 0.8, kwa laini ya megabiti 2, sekunde 4. Mazungumzo ya sauti huanza kuharibika ucheleweshaji ukizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Basi mtu mmoja anayepakua filamu huijaza foleni ile, na kila neno la yule anayezungumza na msimamizi wake husimama nyuma ya filamu kwa karibu sekunde nzima. Mtumaji wa filamu naye hapunguzi kasi, kwa kuwa hakuna pakiti iliyopotea. Zote zimekaa salama katika bafa, zikichelewa. Mwaka 2011 Jim Gettys na Kathleen Nichols walichapisha makala wakieleza kwamba ugonjwa huu wa bafa zilizovimba umeenea karibu kila mahali.

Foleni ile iko kwa kampuni, si kwetu, nasi hatuna mkono huko. Njia iliyo wazi ni moja: kuileta foleni nyumbani. Faiawali huamriwa isipokee zaidi ya kiasi kilicho chini kidogo ya uwezo wa laini, tuseme megabiti 9 kati ya zile 10. Pakiti zikizidi 9, hupanga foleni mlangoni petu, au baadhi huachwa. Watumaji huona pengo na kupunguza. Na ile bafa ya kampuni hubaki karibu tupu. Kwa kukubali kuacha sehemu ya kumi ya kile tulicholipia, twapata utawala wa foleni. Najua mhasibu hatafurahi kusikia haya. Hata hivyo mwenye kukataa kuacha ile sehemu ya kumi hupoteza zaidi kila jioni, na hakuna hati ya malipo inayomwonyesha hasara hiyo.

Kiasi chenyewe hakiamuliwi kwa kubahatisha. Hupimwa kasi halisi kwa nyakati mbalimbali, asubuhi, adhuhuri na usiku, kisha huchukuliwa kati ya asilimia 85 na 95 ya kile kilichopimwa. Pale ambapo mtandao huja kwa mnara wa simu, kasi hubadilika kutwa nzima, na namba moja iliyowekwa asubuhi huenda isifae jioni. Hapo fundi hana budi kuchagua kiasi cha chini zaidi, au kutumia mashine inayojirekebisha yenyewe.

Nimesema mfano wa bomba uachwe. Hapana budi nitoe kilicho bora. Kwa somo la dakika 40 zatosha kadi 60 za karatasi, madawati mawili, vikapu viwili, na vikaratasi vya stakabadhi. Umeme hauhitajiki.

Mtoto mmoja awe Filamu, naye apewe kadi 40 zenye namba. Mwingine awe Barua, mwenye kadi moja tu ya rangi nyingine. Wasimame ukutani mbali. Katikati akae Kampuni, mbele ya dawati lenye nafasi ya kadi 20. Kampuni hutoa kadi moja tu kwa kila pigo la kofi la mwalimu. Huo ndio wembamba wa laini. Karibu na ubao asimame Mlango, na nyuma yake wakae wapokeaji wawili, ambao huandika namba ya kila kadi iliyofika na kumpa tarishi airudishe kwa mtumaji. Filamu huanza kwa kadi moja, na kwa kila stakabadhi airudishiwayo hutuma kadi mbili. Dawati la Kampuni likijaa, kadi inayofuata huanguka sakafuni. Filamu akiona namba imerukwa, apunguze kwa nusu idadi ya kadi anazoruhusiwa kuwa nazo njiani.

Katika mzunguko wa kwanza Mlango asifanye lo lote ila kupitisha. Baada ya muda si mrefu dawati litajaa kadi za Filamu. Zikifika 18, mwalimu amruhusu Barua atume kadi yake, na darasa zima lihesabu makofi kwa sauti. Barua itatoka kwa kofi la 19. Watoto watakuwa wamechoka kuhesabu, na uchovu huo ni sehemu ya somo. Mwalimu asiufupishe kwa kuwahurumia.

Katika mzunguko wa pili Mlango apewe dawati lake dogo na vikapu viwili, kimoja kwa kila mpokeaji. Apitishe kadi kwa makofi 9 kati ya kila 10. Achukue moja kutoka kikapu hiki na moja kutoka kile, kwa zamu. Kikapu kisicho na kitu kirukwe. Kikapu cha Filamu kikizidi kadi 3, aiangushe ile inayofuata. Baada ya kuyumba kidogo mwanzoni, Filamu atapunguza mwendo, dawati la Kampuni litabaki na kadi chache, na Barua ikija itatoka kwa makofi machache tu. Filamu pia itafika yote, ikichelewa kidogo.

Bila shaka mtoto mmoja atauliza: Mwalimu, mbona Mlango anaitupa kadi iliyokwisha kufika? Swali hilo likiulizwa, somo limefaulu. Mwalimu asilijibu. Amwite Filamu aeleze alifanya nini alipoona namba imerukwa, na darasa litapata jibu lenyewe. Swali la namna hii haliwezi kuzaliwa katika mfano wa bomba, kwa kuwa anayemwaga maji yaliyokwisha kufika ni mpumbavu tu.

Mzunguko wa pili waonyesha pia jambo la kugawana, nalo ndilo lenye ugomvi mwingi katika vyuo. Wako wanaopenda kuipangilia faiawali kwa cheo: ofisi ya Mkuu kwanza, wakufunzi wafuate, wanachuo mwisho. Mimi sikubaliani nao. Mashine haijui kama mkufunzi anatayarisha mtihani au anatazama mpira, wala haijui kama mwanachuo anacheza au anawania siku ya mwisho ya mkopo. Kilicho haki, na kilicho rahisi pia, ni kugawa kwa vichwa, na kukiacha kila kichwa kichague la kufanya na fungu lake. Laini ya megabiti 9 ikitumiwa na watu 36 kwa pamoja, kila mmoja hupata robo ya megabiti. Wakiwa wanne tu, kila mmoja hupata megabiti 2 na robo. Isichanganywe na ile desturi mbaya ya kumwekea kila mtu kikomo cha robo megabiti saa zote. Huko ni kuwanyima watu wanne kile ambacho hakuna mwingine anayekitaka.

Lakini mgawo uwe kwa mtu kweli, si kwa kila unganisho. Programu nyingine hufungua miunganisho 20 kwa wakati mmoja. Mashine ikigawa sawa kwa miunganisho, mwenye programu hiyo huchukua mafungu 20 kati ya 21, na jirani yake mwenye unganisho moja huambulia moja. Sheria huonekana ni ya usawa, na matokeo yake ni dhuluma. Fundi aulizwe waziwazi: Mgawo ni kwa anwani ya kila kompyuta au kwa kila unganisho? Mazungumzo ya sauti yaweza kutangulizwa, nalo si upendeleo, maana hayahitaji upana mkubwa, huhitaji kutongojea. Njia ya kisasa ya kuzisimamia foleni hizi hutazama muda ambao pakiti imengojea badala ya urefu wa foleni. Nichols na Jacobson waliieleza mwaka 2012: kungojea kukizidi milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100 mfululizo, pakiti huanza kuachwa. Leo njia hiyo, ikiunganishwa na mgawo wa zamu, imo katika programu za faiawali zisizouzwa, kama OpenWrt na pfSense, na ruta kuukuu yaweza kuifanya kazi hiyo kwa laini ndogo.

Kabla ya kuwalaumu wanachuo, yafaa pia kutazama nani hasa anayejaza laini. Mara nyingi si mtu. Chumba cha kompyuta 30, kila moja ikipakua masahihisho ya programu ya gigabaiti 2, chahitaji gigabaiti 60. Kwa megabiti 10 kwa sekunde hizo ni sekunde 48,000, yaani saa 13 na dakika 20 za laini nzima. Kompyuta moja ikiyachukua na kuwagawia wenzake ndani ya chumba, laini hushikwa kwa dakika 27 hivi. Hesabu hii yafaa sana kwa darasa la sita au la saba, na ningependa kuiona katika maandalio yenu badala ya zile hesabu za matangi yanayojazwa na mabomba mawili.

Yapo yanayoushinda mlango. Mtumaji asiyesikiliza stakabadhi, kama yule anayefurika pakiti kwa nia mbaya kutoka kompyuta maelfu, hapunguzi kasi hata mlango ukitupa kila kitu. Laini hujaa kabla ya kufika kwetu, na hapo ni kampuni peke yake iwezayo kusaidia, kwa kuzizuia upande wake. Darasani jambo hili laweza kuonyeshwa kwa kumwambia Filamu asahau sheria na amwage kadi zote mezani kwa Kampuni. Watoto watacheka. Kisha waulizwe Mlango afanye nini, nao waachwe wajadiliane hadi mmoja aondoke penye Mlango na kutembea hadi kwa Kampuni.